Sinia Lilipompita Shosho

Sinia la Meza ya Bwana katika kanisa letu lilikuwa la aluminiamu, lenye matundu yaliyopangwa kwa mviringo, na kila tundu lilishika kikombe cha kioo kisichozidi kidole gumba cha mtu mzima. Lilipita mkono kwa mkono, benchi kwa benchi, mara 4 kwa mwaka. Sisi watoto tulikaa kwenye mkeka mbele kabisa tukihesabu vikombe vilivyobaki. Siku moja, nikiwa na miaka kumi hivi, nililiona sinia likimfikia Shosho, nyanya yangu. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama kidogo, kisha akampa mama aliyeketi karibu naye. Vikombe havikupungua. Ilipofika Meza iliyofuata nilimwangalia kwa makusudi, na akafanya vile vile.

Jambo hilo lilinikosesha raha, kwa sababu Shosho ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kanisani kila Jumapili. Yeye ndiye aliyepiga kengele, yaani ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, akiigonga kwa kipande cha nondo hadi mlio wake ukafika upande wa pili wa bonde. Yeye ndiye aliyeimba kwa sauti kuliko wote. Watoto wenzangu walisema asiyekunywa ana dhambi. Nilipomuuliza mama yangu, aliniambia ninyamaze, na jinsi alivyolisema neno hilo nikajua nisirudie.

Kanisa lenyewe liko nje kidogo ya mji wa Mweiga. Anayetoka Nyeri kwa matatu ya Nyahururu huiona nchi ikibadilika machoni pake: vilima vya Tetu vinabaki nyuma, na mbele inatandazika tambarare ya Kieni, nyasi na miiba na mashamba ya viazi na kabeji yanayongojea maji. Magharibi umesimama msitu wa milima ya Nyandarua, ambayo pia huitwa Aberdare, na pale Mweiga ndipo yalipo makao makuu ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, iliyotengwa mwaka 1950. Mashariki, alfajiri kabla mawingu hayajapanda, Mlima Kenya huonekana wote mpaka kilele cha Batian, mita 5,199. Mgeni hudhani nchi iliyolala katikati ya milima miwili ya namna hiyo imelowa maji mwaka mzima. Sivyo. Milima huikinga mvua na kuimwaga upande wa pili, na Kieni hupata masazo. Mwezi wa Julai baridi huunguza majani ya viazi, na Februari vumbi huingia hadi ndani ya unga. Ni nchi inayomfanya mtu amhitaji jirani yake, awe anampenda au hampendi.

Mwaka 2014 ushirika wetu ulipotimiza miaka 50, wazee wa kanisa waliniomba niandike kijitabu cha historia. Mimi ni mwalimu. Nilichukua daftari nikaenda nyumba kwa nyumba, nikakaa na wazee waliobaki, nikanywa chai nyingi. Kila mmoja alinihesabia mabati. Waliniambia nani alitoa fahali aliyeuzwa tukapata madirisha, mawe ya kuta yalichongwa wapi, na fundi yupi alianguka kwenye jukwaa akapona. Walisimulia kwa fahari, na walikuwa na haki. Neno kubwa la makanisa yetu ya Kipresbiteri siku hizo lilikuwa Jitegemea. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa kanisa, alisimama Milwaukee, Marekani, akawaambia Wakristo wa huko kwamba wakati umefika wa kusitisha kwa muda wamishonari na fedha zao, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yake. Huku Mweiga maneno hayo yalifika yakiwa kikapu cha mayai. Baada ya ibada kulikuwa na mnada: kabeji, jogoo, debe la viazi. Mjane alileta mayai matano, mwenye duka akayanunua kwa bei ya kuku, fedha zikaingia kwenye mawe. Niliyaandika hayo yote. Kijitabu kikawa na kurasa 32, nami nikadhani nimemaliza kazi.

Sasa naona kwamba niliandika historia ya jengo.

Ushirika ulianza mwaka 1964 ndani ya zizi la kukamulia ng'ombe, katika shamba la Mzungu aliyekuwa ameondoka. Sakafu ilikuwa ya saruji, imechimbwa mfereji katikati wa kupitishia maji ya kuoshea na mkojo wa ng'ombe. Wanawake waliisugua kwa majivu na maji ya moto kwa siku tatu. Hata hivyo, mvua iliponyesha na unyevu ukapanda, harufu ya ng'ombe ilirudi katikati ya sala. Wanaume waliketi kushoto kwa mfereji na wanawake kulia, kama ilivyokuwa desturi ya makanisa ya zamani.

Nchi hiyo ilikuwa imeshapita mikononi mwa wengi. Wamaasai wa Laikipia waliondolewa na wakoloni kati ya mwaka 1911 na 1913 wakapelekwa kusini, na tambarare zikawa mashamba ya walowezi, baadhi yao wanajeshi waliotunukiwa ardhi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakikuyu walikuwepo kama maskwota, kitambulisho cha kipande shingoni, na hata kukutana kuomba kulihitaji ridhaa ya mwenye shamba. Uhuru ulipokaribia, kuanzia mwaka 1962, serikali ilinunua mashamba ya walowezi katika mpango wa ekari milioni moja, na familia zipatazo 35,000 kote nchini zikapata makazi. Wengine walichanga fedha katika vyama na kampuni wakanunua wenyewe. Ndivyo watu wa Mathira, Othaya, Tetu na Mukurwe-ini walivyojikuta Kieni, kila mmoja na jembe lake, na deni lake, na kitabu chake cha nyimbo.

Walikuja pia na mizigo isiyoonekana. Misheni ya Waskoti ilifunguliwa Tumutumu mwaka 1908, na wengi wa watu wetu walijifunza kusoma huko au katika shule zake ndogo za vijijini. Mwaka 1929 misheni iliwataka walimu na wafuasi wake wakane tohara ya wasichana na waweke alama ya dole gumba kwenye karatasi. Kirore, watu waliiita. Waliokataa waliondoka, wakajenga shule zao na makanisa yao, na ndiko lilikotoka Kanisa Huru la Kipentekosti la Afrika ambalo hata leo lina waumini wengi Nyeri. Mimi kama mwanamke naamini kwa moyo wangu wote kwamba misheni ilikuwa sahihi kuhusu kile kisu. Lakini ilikosea ilipoomba dole gumba mahali ambapo ingeomba moyo. Ndugu wa tumbo moja waliacha kula pamoja. Mtoto alichukuliwa shule hii, binamu yake akapelekwa ile, na baada ya miaka thelathini bado uliweza kusikia katika sauti ya mtu babu yake alisimama upande gani.

Halafu ikaja hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni tarehe 20 Oktoba 1952. Kabla ya hapo, uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulikuwa umefika milimani kwetu, na wafuasi wake, waliookoka, walikuwa na desturi ya kusimama mbele ya watu na kuungama makosa yao kwa majina na kiasi, hata senti kumi iliyoibwa utotoni. Kutembea nuruni, walisema. Watu hao walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni, kwa sababu walikuwa wameshakunywa kikombe cha Kristo na hawangeweza kunywa kingine, na wengi wao pia walikataa bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Guka, mume wa Shosho, alikuwa mmoja wao. Walikuja usiku mmoja wa mwaka 1953 nyumbani kwake ukingoni mwa msitu, wakaondoka naye. Mwili haukupatikana.

Ningekuwa nasimulia nusu ya habari kama ningeishia hapo. Kwa upande wa pili wa handaki kulikuwa na walinzi wa serikali, na wengi wao walikuwa watu wa misheni. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa majumbani mwao wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha. Watu walipangwa mstari mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, na aliyetikisiwa kichwa alipelekwa kizuizini. Wanaume walipokuwa kizuizini mashamba yao yalipimwa na kuunganishwa upya, nao waliporudi wakakuta mpaka umesogea. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau, aliwahi kukaa kwenye dawati la Tumutumu. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, na kabla ya kunyongwa tarehe 18 Februari 1957 alimwandikia Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri barua kuhusu masomo ya mwanawe na hali ya mama yake. Kila ninapoifikiria barua hiyo nakumbuka kwamba kanisa halikuwa upande mmoja wa vita vile. Lilikuwa ndani ya kila mtu, likigombana naye.

Ndio watu walioingia katika lile zizi mwaka 1964. Aliyevaa gunia aliingia. Aliyetikisiwa kichwa aliingia. Mjane wa aliyeuawa kwa kukataa kiapo aliingia, na mama wa kijana aliyepigwa risasi akiwa na kiapo akaingia nyuma yake. Mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi kwa baiskeli, akahubiri, akaondoka. Hakuna aliyesimama kuungama juu ya miaka ile. Waliookoka waliungama hasira na wivu na ulevi wa zamani, lakini juu ya mwaka 1953 hata wao walikaa kimya. Wanaume kushoto, wanawake kulia. Utaratibu huo ulisitiri mengi, kwani mwanamke asiyempa mkono mwanamume fulani alionekana tu kuwa na adabu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini Shosho hakuhama. Makanisa mengine yalikuwepo mjini, au yalikuja upesi: Wakatoliki, ambao wamishonari wao wa Consolata walifika Tuthu mwezi Juni 1902 na kuifanya Nyeri kitovu chao; Waanglikana; Kanisa Huru. Angeweza kutembea nusu saa zaidi akaketi mahali ambapo hakuna uso wa kumsumbua. Lakini katika miaka ya mwanzo mji mdogo hauna nafasi ya kuchagua hivyo. Zizi letu lenyewe lilitumiwa kwa zamu. Sisi tuliingia saa mbili, Waanglikana saa nne, na waliotoka waliwaachia walioingia mabenchi yakiwa bado na joto. Kulipokuwa na mazishi, wote walikuwa kanisa moja.

Habari hiyo ina kisa chake kirefu zaidi. Mwezi Juni 1913 wamishonari wa madhehebu kadhaa walikutana Thogoto, katika kituo cha Waskoti, kutafuta njia ya kuyaunganisha makanisa yao ili Mwafrika asirithi ugomvi wa Ulaya. Mwishoni walishiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Wapresbiteri, na Askofu Peel wa Mombasa ndiye aliyeiongoza. Frank Weston, askofu Mwanglikana wa Zanzibar, alipopata habari alichukizwa hata akataka Peel na Askofu Willis wa Uganda washtakiwe kwa uzushi. Jambo hilo lilitikisa Kanisa la Uingereza, na mpango wa muungano haukufika ulikokusudiwa. Lakini huko Kanada, katika nyika za ngano za magharibi, vijiji vidogo havikuwangoja maaskofu. Mji wenye duka moja na kituo cha treni haukuweza kulisha wachungaji watatu, basi Wamethodisti na Wapresbiteri wa huko wakaanza kuabudu pamoja wenyewe, na makanisa hayo ya pamoja ni sehemu ya yaliyosukuma hadi Kanisa la Muungano la Kanada likaundwa tarehe 10 Juni 1925. Nilipoyasoma hayo niliona zizi letu. Kuna umoja unaoandikwa mezani na wenye elimu, na kuna ule unaoletwa na uhaba wa mabenchi. Wa pili haupendezi kutazama, lakini ndio niliouona kwa macho yangu ukidumu.

Mimi mwenyewe nimehama kanisa mara 3 nikiwa Nairobi. Mara ya kwanza ni kwa sababu kiongozi mmoja alisoma mbele ya watu majina ya ambao hawajamaliza mchango, na langu likiwemo. Aibu ile ilinichoma kweli, na sijutii kuondoka. Mara ya pili na ya tatu sababu zilikuwa ndogo mno hata siwezi kuzieleza bila kusita. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliacha, na kila nilipoanza upya nilikuwa mtu asiye na historia na yeyote. Ilikuwa raha. Hakuna aliyenikosea, wala hakuna niliyemkosea, na hakuna aliyejua kama sikuja.

Mwaka 1978 ushirika ulichagua wazee wapya. Mmoja wao alikuwa mwanamume mpole mwenye mwandiko mzuri ambaye alifanywa pia karani wa kikao, na tangu siku hiyo watu wote walimwita Karani. Alikuwa ametoka kizuizini mwaka 1959, akaokoka baadaye sana, akawa mtu wa kutegemewa. Wilaya aliyopewa kuichunga ilikuwa ni ile ya upande wetu wa bonde. Katika utaratibu wetu mzee ndiye anayepeleka sinia kwa watu wa wilaya yake. Kabla ya mwaka huo Shosho alikuwa akinywa kama watu wote.

Mvua za masika za mwaka 1984 hazikuja. Wenye umri wangu Kenya nzima wanaukumbuka mwaka huo kwa rangi, kwa sababu mahindi ya msaada yaliyotoka Marekani yalikuwa ya njano, na ugali wake ulikuwa na harufu tuliyoichukia huku tukiumaliza. Ng'ombe wetu wawili walikufa. Wazee wa kanisa waligawa magunia kwa wilaya, na kila mzee akapimia watu wake kwa gorogoro. Fungu letu Karani alikuwa akiliacha langoni, akimkabidhi mama, na kuendelea na safari. Alhamisi moja mama hakuwepo. Alikuja akiisukuma baiskeli, gurudumu la nyuma limeisha upepo na gunia limeegemea tandiko. Aliliweka chini. Badala ya kugeuka aliingia uani, akavua kofia.

Shosho alikuwa amekaa kando ya ghala akichambua maharagwe katika ungo. Alimtazama. Kisha akaniambia mimi nikachote maji mtoni, na mtungi ulikuwa bado umejaa nusu. Nilikwenda, nikakaa, nikarudi. Walikuwa wameketi kwenye mawe mawili, pana hatua kama tatu kati yao, na yeye ndiye aliyekuwa akisema. Nilipika chai ya strungi kwa sababu hapakuwa na maziwa, nikawapelekea. Jioni nilikwenda kuchukua vikombe nikavikuta vimejaa, utando umetanda juu. Maharagwe yalikuwa kwenye ungo vile vile, mabovu na mazima pamoja. Karani alikuwa ameondoka, na Shosho alikuwa amekaa akitazama upande wa msitu.

Meza ya Desemba mwaka huo nililifuata sinia kwa macho tangu lilipotoka mbele. Lilimfikia. Alichukua kikombe, akanywa, akakirudisha, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka, kwa hiyo kioo kiligongagonga aluminiamu kabla ya kupata tundu lake. Kanisani palikuwa kimya. Karani alikuwa amesimama mwisho wa benchi, mikono mbele, macho chini.

Hayo nilikuwa nayo kichwani mwaka 2014 nilipokuwa naandika kijitabu. Chini ya mwaka 1984 niliandika kwamba kulikuwa na njaa na washiriki waligawiwa mahindi. Siku moja kabla ya sherehe nilimsomea Shosho kijitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshakwisha. Alikuwa amepita miaka tisini. Alisikiliza mabati, akasikiliza mawe, akacheka kidogo nilipofika kwa fundi aliyeanguka. Nilipomaliza alinyamaza.

"Umeandika mahindi," akasema. "Hukuandika aliyeyaleta."

"Shosho, majina ya wazee wote yako ukurasa wa tisa."

"Sisemi majina."

Akanieleza. Usiku ule wa mwaka 1953 kulikuwa na kijana mmoja kati ya waliokuja, mdogo kuliko wote, na kazi yake ilikuwa kushika tochi. Shosho aliuona mkono wake tu na nusu ya uso. Alimtambua siku ya kwanza ndani ya zizi, mwaka 1964, akanyamaza, kwa sababu kila mtu alikuwa ananyamaza. Kuketi naye chumba kimoja aliweza. Kuipokea damu ya Kristo kutoka mkono ule hakuweza, wala hakutaka kujidanganya kwamba anaweza.

"Siku ya mahindi aliniambia mahali," akasema. "Karibu na mto. Aliniambia mto gani na upande gani. Miaka thelathini na moja nilikuwa nikiomba bila kujua nielekee wapi."

Karani alimweleza pia habari za mama yake, aliyekufia kijijini nyuma ya handaki kwa njaa na homa, na habari za walinzi waliochoma nyumba yao. Wawili kati yao walikuwa wakikaa benchi moja na Guka kule Mathira. "Naye alikuwa na lake," Shosho akasema. "Mimi nilidhani msiba ni wangu peke yangu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, yule mzee. Alijibu kwamba Karani alimwambia kuwa kila Meza alikuja na maneno mdomoni, na kila alipomwona akilipitisha sinia, maneno yalirudi. Nikamuuliza kama alimsamehe.

"Nilikunywa," akasema.

Kijitabu kilikuwa kimeshachapishwa. Kiligawiwa kesho yake kama kilivyo, watu wakakifurahia, na kuna nakala yake katika nyumba nyingi za Mweiga hadi leo. Shosho alifariki mwaka 2016. Karani alikuwa ametangulia miaka mingi kabla yake.

Nimekaa na mambo haya kwa muda mrefu. Kwanza nilihuzunika kwa sababu ya ile miaka ya kimya, na bado naamini ilikuwa mirefu kupita kiasi, na kwamba kanisa lililowafundisha watu kuungama senti kumi lilipaswa kuwa na ujasiri wa kuwasaidia kuungama mtu. Watoto tuliozaliwa baadaye tulirithi ukimya huo bila maelezo yake. Lakini siwezi tena kukiita kimya cha Shosho unafiki. Mnafiki angekunywa. Yeye alikuja kila Jumapili, akapiga kengele, akaimba, na mara 4 kwa mwaka akakataa mbele ya watu wote kusema uwongo kwa mdomo wake. Sijui kama mimi ningeweza kukaa hivyo mwaka mmoja. Ningekuwa nimeshahama.

Kwa muda mrefu nilimfikiria Shosho tu. Mwaka jana nilirudi Mweiga kwa sababu ya jirani aliyefiwa, na baada ya mazishi nikamwomba katibu wa sasa anifungulie kabati la vestri. Kanisa la mawe lina sakafu ya vigae siku hizi. Lile zizi lilibomolewa zamani, na mfereji wake umo ndani ya nyasi nyuma ya jiko la kina mama. Zaidi kuelekea mlimani, katika ardhi iliyokatwa kutoka ranchi ya Solio na kugawiwa watu wasiokuwa na mashamba, wengine waliotolewa msituni, yameanza makanisa mengine machanga, kwanza ndani ya hema, sasa ndani ya mabati. Nao wametoka kila mahali.

Katika kabati nilizikuta orodha za washiriki za wilaya yetu. Nilikuwa nimezitumia mwaka 2014 kuhesabu watu, nikazifunga. Safari hii nilizisoma. Ni madaftari ya kawaida ya shule, kila mwaka lake, yamepigwa mistari kwa rula: majina upande wa kushoto, kisha safu nne za Machi, Juni, Septemba na Desemba. Aliyeshiriki Meza ana alama ya vema. Ambaye hakushiriki ana mstari mfupi. Kanuni tuliyokuwa nayo ilikuwa wazi: mshiriki anayeikwepa Meza mara kwa mara bila sababu huonywa na mzee wake, na asiporejea jina lake hupelekwa kwenye kikao likafutwa. Majina kadhaa katika madaftari hayo yamefutwa kwa wino mwekundu na tarehe ya kikao imeandikwa kando. Mwandiko ni wa Karani.

Jina la Shosho lipo katika kila daftari kuanzia mwaka 1978. Kila Januari alipoanza daftari jipya alikuwa akiyanakili majina yote kwa mkono, na kila Januari alilinakili la Shosho. Mbele yake nilihesabu mistari mifupi 27. Hakuna wino mwekundu, na katika kumbukumbu za kikao za miaka hiyo, ambazo pia ni yeye aliyeziandika, jina hilo halikuwahi kuletwa mbele ya wazee.

Katika safu ya Desemba 1984 pana alama ya vema. Ni ndogo kama zile nyingine. Katika daftari la mwaka 1985 jina lake limeandikwa tena mahali pale pale, la kumi na nne kutoka juu.